Siku Tisa Ujerumani na Noti ya Babu

Nimerudi Tanga wiki ya tatu sasa, na kila anayeniona anauliza lilelile: umetuletea nini? Nimeleta picha mia sita na ushee, daftari lililomwagikiwa kahawa, na mafua. Haya mengine nimeyaunganisha kutoka humo.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Shangazi yangu ana kopo la biskuti ambalo halifunguliwi hovyo. Mna hati ya shamba, cheti chake cha ndoa, na noti ya rupia moja iliyochapwa mwaka 1916 kwa Kijerumani, karatasi nyepesi kama ya kufungia kashata. Babu alilipwa noti za namna hiyo akiwa kibarua wa reli, wakati Mjerumani amezingirwa na Waingereza na fedha halisi haziingii tena bandarini. Maandishi yake yanaahidi kwamba benki italipa. Waingereza walipoingia, anasimulia Shangazi, duka gani lingeipokea? Babu akaitunza, akisema mwenyewe atarudi kuilipa.

Hakurudi. Lakini miaka saba baada ya noti ile, Wajerumani wenyewe kwao walikuwa na makabati yaliyojaa ahadi za karatasi zisizonunua hata kiberiti. Mfumuko huo wa bei ndio nilitaka kuufuata kwa miguu. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikakata tiketi: shilingi milioni 2 na laki 4 kwenda na kurudi, na viza euro 90. Euro moja siku zile ilikuwa karibu shilingi 2,900.

Siku ya 1, Jumamosi 2 Novemba 2024. Frankfurt

Nimefika, begi halikufika. Shirika la ndege silitaji. Waliniambia nisubiri siku mbili. Nje nyuzi sita, nami nina shati la mikono mifupi na kizibao. Mhudumu wa hosteli karibu na stesheni alinitazama mara moja, akaingia stoo, akatoka na koti zito la kijani lililosahaulika na mgeni mwingine. "Chukua, ukiondoka liache Berlin kwa mwenye shida," akasema. Kitanda euro 34, chumba cha watu sita, mmoja wao akikoroma kama mashine ya kukoboa.

Kwa watakaofuata: nunueni tiketi ya mwezi ya nchi nzima, wanaiita Deutschlandticket. Nililipa euro 49, nikapanda mabasi, treni za mjini na treni za mikoa bila kukata nyingine. Treni za mwendokasi hazimo. Na hii tiketi hujirudia yenyewe mwezi unaofuata, kwa hiyo ifuteni kabla ya tarehe 10 au mtalipia Desemba mkiwa nyumbani.

Siku ya 2, Jumapili. Makumbusho ya pesa

Benki kuu yao ina makumbusho ya pesa hapa Frankfurt, na kuingia ni bure. Kuna tofali la dhahabu unaloruhusiwa kulinyanyua kwa kuingiza mkono kwenye tundu. Watoto walipanga foleni. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mwaka 1923, nikakaa hapo saa nzima.

Angalizo, maana mimi nilijikanganya kwanza: neno lao "Milliarde" ndilo bilioni yetu, na "Billion" yao ndiyo trilioni yetu. Noti kubwa kuliko zote waliyochapa ni ya marki, pesa yao ya wakati ule, "Billionen" 100. Kwa hesabu zetu hizo ni trilioni 100. Andikeni sifuri kumi na nne mwone.

Kisa chenyewe, kwa jinsi nilivyokielewa, kilianza kabla ya fidia za Vita Kuu ya Kwanza ambazo ndizo husemwa kila mara. Mwaka 1914 serikali ya Kaisari, mfalme wao, iliacha kubadili karatasi kwa dhahabu, ikaamua kupigana kwa mkopo. Iliwauzia raia wake hati fungani za vita, mara tisa, kwa matumaini kuwa atakayeshindwa ndiye atakayelipa. Walishindwa wao. Ndipo mwaka 1921 wakapangiwa fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Juni 1922 waziri wao wa mambo ya nje, Walther Rathenau, akapigwa risasi ndani ya gari lake Berlin, na imani kidogo iliyobaki ikaenda naye. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zikaingiza majeshi Ruhr, kwenye makaa ya mawe na viwanda, kwa madai kuwa malipo yanacheleweshwa. Serikali ikawaambia wafanyakazi wagome, nayo itawalipa. Itawalipa kwa nini? Kwa mashine ya kuchapa.

Mwaka 1914 dola moja ilikuwa marki 4.2. Novemba 1923 ilikuwa marki trilioni 4.2. Mkate Berlin ulipita marki bilioni 200. Watu walilipwa kila siku, na mke alisubiri getini akimbie dukani kabla bei mpya haijabandikwa.

Niliitoa noti ya Babu kwenye bahasha, nikaiweka juu ya kioo nipige picha. Mlinzi akaja haraka, akidhani nimeitoa ndani ya kabati. Nilipomweleza akainama kuisoma, midomo ikicheza. Alipofika kwenye neno "Rupie" akacheka kwa mshangao, akamwita mwenzake. Hawakujua kwamba kwetu rupia ile iligawanywa heller mia moja, wala kwamba mpaka leo Mtanzania akiishiwa husema hana hela. Pesa ya Kaisari ilikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado tunaitaja kila tukidaiwa kodi ya nyumba.

Siku ya 3, Jumatatu. Kukwama Bebra

Frankfurt hadi Weimar kwa treni za mikoa ni kubadilisha Fulda, Bebra na Eisenach. Kwenye karatasi, saa nne na nusu. Treni ya kwanza ilichelewa dakika ishirini bila maelezo, ya pili ikaondoka tukiiona mgongo. Bebra ni mji mdogo wenye stesheni kubwa na upepo mkubwa zaidi. Saa moja na robo.

Kwenye benchi alikuwepo mama mzee, wa miaka themanini hivi, na mfuko wa nguo wenye chupa ya chai. Akanipimia kikombe cha kifuniko, kisha akachambua mikate yake mitatu, akanipa wa jibini. Sikuwa nimesema kitu kuhusu nguruwe. Labda aliiona kofia yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama Kijerumani changu, lakini safari yangu alipoielewa alinihadithia ya bibi yake.

Bibi huyo alikuwa mjane. Mumewe, fundi seremala, alimwachia akiba benki, ya miaka ishirini ya kazi, pamoja na hati za vita alizonunua kwa uzalendo. Jirani yake alikuwa na shamba lenye rehani. Mwaka 1923 jirani alikwenda mjini na kikapu cha mayai, akayauza, akalipa deni lote la shamba, akarudi na chenji. Mjane naye alipokea barua ya benki: akiba yake imefungwa kwa sababu ni ndogo mno kuhesabika. Stempu ya bahasha ilikuwa na thamani kuliko fedha iliyokuwa ikizungumziwa.

"Wa mayai alikuwa mtu mbaya?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Alikuwa na deni tu. Bibi alikuwa na akiba."

Nimeisikia hadithi kama hiyo ya barua na stempu ikisimuliwa na wengine pia, kwa hiyo siapi kuwa ilimtokea bibi yake hasa. Ila jambo lenyewe ndivyo lilivyokuwa: aliyekuwa na kibubu alilia, aliyekuwa na deni alicheka. Wenye viwanda waliokopa karatasi na kununua mitambo walitoka matajiri. Sheria ya mwaka 1925 ilikuja kurudisha robo tu ya thamani kwa waliokuwa wamekopesha watu kwa rehani. Kwa walimu, wajane, makarani wastaafu, tabaka lililofundishwa tangu utotoni kuwa kuweka akiba ni adabu, kilichovunjika hapo hakikuwa fedha peke yake.

Treni ilipokuja mama aliniwekea mkate wa pili mfukoni mwa lile koti. Weimar nimefika saa moja usiku.

Siku ya 4, Jumanne. Weimar

Mji msafi, wa kutembea kwa miguu. Jamhuri ya kati ya vita viwili imepewa jina la mji huu kwa sababu Berlin ya Februari 1919 ilikuwa na risasi mitaani, hivyo wabunge wakaja kukutania kwenye jumba la michezo ya kuigiza la hapa. Jumba lipo, na mbele yake sanamu ya washairi wao Goethe na Schiller wamesimama pamoja. Hapa ndipo wanawake wa Ujerumani waliketi bungeni kwa mara ya kwanza, na Marie Juchacz akawa wa kwanza kuhutubia, tarehe 19 Februari 1919. Mkabala, ng'ambo ya uwanja, pana nyumba ya maonyesho kuhusu jamhuri hiyo. Msiende Jumatatu, makumbusho mengi hufungwa.

Kitu kilichonigusa zaidi ni kidogo. Agosti 1923 benki ya jimbo hili, Thüringen, iliishiwa noti, ikamtaka kijana wa shule ya sanaa ya Bauhaus, Herbert Bayer, achore noti za dharura haraka. Akazichora. Hakuna kichwa cha mfalme wala tai, hakuna nakshi. Ni maandishi meusi makubwa tu, ukubwa wa namba ndio pambo. Nzuri kuliko noti nyingi nilizowahi kushika. Marki milioni moja, na muda si mrefu hazikutosha nauli ya tramu.

Chakula cha mchana: viazi vya kuvingirishwa kama maandazi ya duara, kabichi jekundu, na rosti ya ng'ombe, euro 15.50. Vinashiba mpaka kesho yake. Soseji maarufu ya hapa ni ya nguruwe, ulizeni kabla.

Jioni nimepotea njia ya kurudi hosteli. Kijana wa kusambaza chakula kwa baiskeli akasimama, akanisikia nikijisemea "sasa hapa wapi tena," akaruka. "Yaya, unasema Swahili?" Mtu wa Bukavu, Kongo, ambako yaya ni ndugu mkubwa. Alinisindikiza akikokota baiskeli yake, chakula cha mteja kikipoa mgongoni, na nilipojaribu kumpa euro tano akakasirika kwelikweli.

Begi limepatikana, wamelileta. Koti la kijani sikuliacha.

Siku ya 5, Jumatano. Kuelekea Berlin

Halle, Dessau, Berlin: saa tano za mashamba tupu na ukungu.

Kuna watu hudhani mfumuko wa bei wa 1923 ndio uliomleta Hitler moja kwa moja. Tarehe haziungi mkono. Novemba 15, 1923 ilitoka sarafu mpya, Rentenmark, yenye dhamana ya ardhi na viwanda. Moja ilibadilishwa kwa marki za karatasi trilioni moja, na mambo yakatulia. Mwaka uliofuata mpango wa Dawes, wa kupanga upya malipo ya fidia, ukafungua mikopo ya Marekani. Uchaguzi wa 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6. Kisha soko la hisa la New York likaanguka Oktoba 1929, mikopo ikaitwa nyumbani, Julai 1931 benki kubwa ya Danat ikafunga milango, serikali ikakata mishahara na posho, na mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walizidi milioni 6. Julai ya mwaka huo chama kilekile kilipata asilimia 37.3. Kwa hiyo ni mapigo mawili, na la pili lilimpata mtu ambaye kidonda cha kwanza hakijafunga.

Usiku ule hosteli nzima ilikuwa mbele ya runinga. Kansela Scholz, mkuu wa serikali wa wakati huo, alikuwa amemfukuza waziri wake wa fedha, Lindner, na chanzo cha ugomvi ni kama serikali ikope zaidi au isikope. Nikawatazama vijana wale wanavyobishana kuhusu deni kama sisi tunavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Niliyekuwa nimetoka kwenye kabati la 1923 sikuwashangaa.

Kitanda Berlin euro 29.

Siku ya 6, Alhamisi. Tangastraße

Wedding, kaskazini ya jiji, wana mtaa mzima wenye majina ya kwetu. Shuka stesheni ya Afrikanische Straße, utapita Ugandastraße, Sansibarstraße, na ndiyo, Tangastraße. Nimepiga picha chini ya kibao nikiwa nimesimama wima kama bwana harusi. Ni kijimtaa kimya. Baiskeli, mapipa ya taka, paka. Petersallee, iliyopewa hapo awali jina la Carl Peters, yule Mkono wa Damu, ilibadilishwa jina Agosti 2024. Kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Bibi mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa aliniuliza linatamkwaje. Tukalirudia mara nne, mbwa akisubiri.

Mtaa huu una faida nyingine. Nyumba za ghorofa za Afrikanische Straße, za mbunifu majengo Mies van der Rohe, zilijengwa mwaka 1926 na 1927, na ni mfano wa kile jamhuri ile ilichofanya vizuri: madirisha mapana, nyasi nyuma, watu wa kipato cha kawaida watoke kwenye vyumba vya giza. Na werevu uliokuwa nyuma ya ujenzi wa aina hiyo nimeupenda. Mwenye nyumba ambaye mfumuko ulimfutia rehani yake alibaki na nyumba bila deni. Basi kuanzia 1924 serikali ikamtoza kodi kwa bahati hiyo, na sehemu ya kodi ikajenga makazi mapya. Mtu wa mayai hatimaye alichangia.

Siku ya 7, Ijumaa

Homa. Nimelala mpaka saa tisa alasiri. Supu ya dengu ya Waturuki, euro 5, iliniamsha.

Jioni Potsdamer Platz, nikatafute mahali pasipokuwepo. Hapa lilisimama Haus Vaterland, jumba la starehe lililofunguliwa mwaka 1928, kila ukumbi nchi yake: mkahawa wa Kituruki, baa ya Kimarekani, na ukumbi wa mto Rhine ambamo kila saa walipiga radi na kunyesha mvua ya bandia, wageni wakipiga makofi. Humo alihudumu meza Mdaressalaam, Bayume Mohamed Husen. Sasa ni majengo ya vioo na maduka. Nikasimama pale kama dakika kumi, nikarudi kulala.

Siku ya 8, Jumamosi 9 Novemba. Brunnenstraße 193

Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina la kwao Mahjub bin Adam Mohamed. Vita vilipoanza baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, naye mtoto wa miaka kumi akaingia jeshini nyuma yake. Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa mhudumu wa meli. Alichoendea wizarani ni kitu ambacho kila mstaafu wa kwetu anakijua: malimbikizo ya mishahara, yake na ya baba yake. Wakamjibu amechelewa.

Hebu tazama mwaka aliofika. Amekuja kudai deni kwa nchi iliyokwisha kuwanyima wajane wake wenyewe, miezi michache kabla ya pigo la pili. Hakurudi. Alihudumu meza, alifundisha Kiswahili chuo kikuu, mji uleule ambamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi na mwalimu wa Kiswahili, alifariki mwaka 1927. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa kansela. Kazi ya mezani ilimponyoka 1935. Akacheza kwenye sinema za kusifu ukoloni, ndizo zilizokuwa na ajira kwa mtu mweusi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya nyumba aliyokaa wamepachika kijiwe cha shaba njiani, cha ukubwa wa kiganja. Tarehe 9 Novemba watu hutoka kuvisafisha vijiwe hivi na kuwasha mishumaa, kwa kumbukumbu ya usiku wa 1938 walipovamiwa Wayahudi. Nilikuta chake kimefifia, nikapiga magoti na kitambaa cha mkononi. Hakikutoka kitu. Mwanamke akatoka mlango wa jirani, akaangalia, akarudi ndani, akaja na tyubu ya dawa ya kung'arishia shaba na sifongo mbili. Moja akanipa. Tukasugua bila kusema, vidole vikawa vyeusi, herufi zikaanza kutoka moja moja: jina, kisha 1904. Nikasoma Fatiha. Aliuliza nimesema nini, nikamweleza, akawasha mshumaa.

Siku ya 9, Jumapili. Mnadani Mauerpark, kisha uwanja wa ndege

Mauerpark Jumapili ni kama Karume iliyovalishwa makoti. Njooni na sarafu, si kila mtu anapokea kadi. Muuza noti za kale alikuwa na beseni la plastiki, karatasi za 1923 zimejazwa kama mchicha. Nimenunua marki milioni 100 kwa euro 2. Nikamwonyesha ya Babu. Akavaa miwani nyingine, akaishika kwa kibano, akasema euro 25 taslimu. Nikakataa. Hakununa, akaniwekea noti kwenye mfuko wa nailoni ili isiendelee kupasuka, bure.

Koti nimelivua hosteli, nikalitundika mapokezi na kuwaeleza ni la mwenye shida.

Matumizi yote bila tiketi ya ndege na viza: euro 451, pamoja na kitanda, chakula, tiketi ya mwezi na zawadi.

Shangazi amepokea noti mbili kwenye mapaja yake. Ile ya milioni mia ameigeuzageuza, akauliza ilinunua nini. Nikamwambia ilipokaribia mwisho wake haikununua hata mkate. Akaziweka zote ndani ya kopo, akafunika. Ndipo nikamsimulia habari ya euro 25.

"Za kwetu ngapi hizo?"

"Elfu sabini na kitu."

Akakaa kimya, mkono juu ya kifuniko.

"Na huyo Mzungu," akasema, "namba yake ya simu umechukua?"